Kesi ya Nyati Aliyemwogopa Sange

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa!

Aliye nyuma asimsukume aliye mbele. Akimsukuma?

Atashtakiwa!

Naye akishtakiwa atasema nini?

Alijihami!

Vema. Basi nusu ya hadithi mnaijua tayari. Nusu iliyobaki ni hii.

Hapo kale, katika nchi ya Nyamkole, alikuwako mnyama mdogo aitwaye Sange. Watu wengi wakimwona husema ni panya. Si panya. Panya ni panya, na Sange ni Sange. Ana pua ndefu kama mrija, hupinda kulia, hupinda kushoto. Kila asubuhi hufagia vijia vyake vya msituni kwa miguu ya mbele, jani moja moja, mpaka vinang'aa. Na akishtuka, hupigapiga mguu wa nyuma juu ya majani makavu: ti-ti-ti-ti! Hana nia mbaya. Ndivyo alivyoumbwa.

Alikuwako pia Nyati. Wengine humwita Mbogo. Ni mnyama huyo huyo, lakini katika hati ya mashtaka aliandikwa Nyati, nami nitamwita Nyati mpaka mwisho.

Mwaka huo mvua za vuli hazikunyesha. Vijito vikakauka. Visima vikakauka. Likabaki dimbwi moja tu, jina lake Kitopeni. Maji mengine yalikuwa katika Mto Luhindi, mwendo wa nusu siku, na Mto Luhindi ulikuwa na mamba. Mnyama mwenye miguu mirefu angeweza kufika. Sange na mkewe Mkunde na watoto wao wawili wasingeweza. Kwao ilikuwa Kitopeni au kifo.

Kila asubuhi Nyati alikuja Kitopeni. Alikunywa: gu-gu-gu-gu! Alikunywa mpaka akashiba. Alipokwisha kushiba, alikunywa ili wengine wasinywe. Kisha akajilaza katikati: chubwi! Akageuka ubavu huu, akageuka ubavu ule. Alipoondoka hapakuwa na maji tena, palikuwa na tope. Wanyama wadogo walikuja nyuma yake, wakalamba tope lile, wakarudi makwao na ndevu nyeusi.

Asubuhi moja, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, Sange akaamua kutangulia. Alifika Kitopeni umande ungali chini. Ndiyo kwanza ametumbukiza pua, akasikia nyuma yake: tifu! tifu! tifu!

Akashtuka. Mguu ukajipiga wenyewe: ti-ti-ti-ti!

"Nani anayepiga kelele majini kwangu?" akauliza Nyati.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni mimi, Sange. Nimekuja kunywa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pua moja."

"Pua yenyewe ndiyo hiyo? Utalimaliza dimbwi!"

Nyati akainua mguu. Puu! Sange akaruka juu ya nyasi, akapita juu ya kichuguu, akaangukia kichaka cha miiba. Mguu wake wa mbele wa kushoto ukavunjika. Pua ikapinda upande wa kulia na haikurudi tena.

Nyati akanywa. Gu-gu-gu-gu! Chubwi!

Sange akajikokota mpaka kituoni kwa Sajini Nguchiro. Katika nchi ya Nyamkole, mnyama aliyepigwa hafungwi kidonda kabla hajaandikiwa fomu. Fomu kwanza, dawa baadaye. Wako waliokufa wakiwa nambari tatu kwenye foleni, na fomu zao zikaandikwa vizuri sana.

"Jina?" akauliza Sajini Nguchiro.

"Sange."

"Aina ya panya?"

"Si panya, afande."

"Fomu ina nafasi ya panya."

"Basi iache wazi, afande."

Nguchiro akaiacha wazi, kwa shingo upande. "Umepigwa kwa kifaa gani?"

"Nyati."

"Nyati si kifaa. Kifaa ni rungu, jiwe, fimbo."

"Afande, ukiwa chini yake ni kifaa."

Nguchiro akafikiri, akaandika: *Kifaa butu, chenye pembe.* Akagonga mhuri. Fomu ilikuwa kubwa kuliko Sange, ikabidi arudi nyumbani ameivaa begani kama shuka.

Mkunde akamfunga mguu kwa ganda la mti. Alikuwa mke mwenye maneno machache, lakini siku hiyo yaliongezeka.

"Mume wangu, unataka kumshtaki Nyati?"

"Nimekwisha kumshtaki."

"Sheria huijui?"

"Naijua."

Kila mnyama wa Nyamkole aliijua. Ilisema hivi: *Mnyama aliyempiga mwenzake kwa sababu alimwogopa hana kosa, amejihami.* Sheria hiyo ilipitishwa katika mkutano wa wanyama wote. Wadogo hawakuhudhuria, kwa kuwa Kiboko alikuwa amekaa mlangoni.

"Tembo alimkalia Konokono," akasema Mkunde. "Akasema Konokono alimjia kwa kasi. Ikawaje?"

"Akaachiwa."

"Chui alimla Digidigi. Akasema Digidigi alimtazama. Ikawaje?"

"Akaachiwa."

"Kiboko aliyaponda mayai sita ya Kwale. Akasema mayai yalikuwa sita na yeye alikuwa peke yake. Ikawaje?"

"Akaachiwa, akapewa pole."

"Na wewe utashindwa."

"Najua, mke wangu. Ila wenzangu wote walishindwa wakibisha. Mimi nataka nishindwe vizuri."

Mkunde akamgusa kipaji cha uso kuona kama ana homa.

Huku nyuma, Nyati naye alikuwa na wakili. Wakili wake alikuwa Yangeyange, ndege mweupe kuliko kanzu ya sikukuu. Maisha yake yote Yangeyange hutembea miguuni pa Nyati, akila panzi wanaorushwa na kwato zake. Kwa hiyo alimpenda Nyati kwa dhati, hasa miguu.

"Bwana Mkubwa," akasema Yangeyange, "kesi ni nyepesi. Utasema ulimwogopa."

"Nilimwogopa nani?"

"Sange."

"Yule panya?"

"Usimwite panya, kesi itaharibika. Sema mnyama wa hatari mwenye silaha ndefu."

Nyati akatoa pumzi puani, panzi watatu wakaruka, Yangeyange akawameza. "Mimi, Nyati, niseme mbele za watu kwamba nilimwogopa kitu kinachoingia katika ukwato wangu kikabaki na nafasi?"

"Ukikataa, utapatikana na hatia. Ukipatikana na hatia, hutakanyaga Kitopeni mpaka masika. Utakwenda Luhindi kila siku, kwa miguu, kwa mamba."

Nyati akalitazama dimbwi lake. Akaitazama barabara ya Luhindi, ndefu, nyeupe kwa vumbi.

"Nilimwogopa," akasema. "Lakini kidogo."

Siku ya kesi ikafika. Hakimu alikuwa Korongo. Korongo husikiliza kesi akisimama kwa mguu mmoja. Akibadili mguu, watu hujua ameelewa jambo. Ziko siku alisimama mpaka jioni hajabadili, na kesi ikaahirishwa.

Sange akaitwa kizimbani. Hakuonekana. Sajini Nguchiro akaweka jiwe. Hakuonekana. Akaweka jiwe la pili. Ikaonekana pua.

"Hiyo yatosha," akasema Korongo. "Soma shtaka."

Nguchiro akasoma: "Wewe Nyati, unashtakiwa kwamba tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, asubuhi, katika dimbwi la Kitopeni, ulimpiga Sange teke moja, ukamvunja mguu wa mbele wa kushoto na kumpinda pua. Kweli au si kweli?"

"Kweli," akasema Nyati. "Ila nilijihami."

"Ulijihami na nini?" akauliza Korongo.

"Na huyo."

Wanyama wote wakageuka kuitazama pua. Pua ikapiga chafya: chii! Safu ya nyuma wakaangua kicheko.

"Kimya!" akasema Korongo. "Hapa si ngomani. Mshtakiwa, kabla ya kueleza utakula kiapo. Fahamu kwamba mwenye kuapa uongo hapa Nyamkole hagusi maji yoyote, ya dimbwi wala ya mto, mpaka masika ya mwaka wa pili. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nyati akaapa. Yangeyange akasimama mbele yake, akakunjua bawa moja kama mtu anayepandisha mkono wa kanzu.

"Bwana Nyati, asubuhi ile ulimkuta mlalamikaji akifanya nini?"

"Akipiga ngoma ya vita."

"Kwa nini?"

"Kwa mguu."

"Kisha?"

"Kisha akaninyooshea mkuki."

"Mkuki gani?"

"Ule alioufunga usoni."

"Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Sana?"

"Kidogo."

Korongo akatikisa kichwa. "Kidogo haitoshi. Sheria inataka hofu kamili. Aliyeogopa kidogo alitakiwa kupiga kidogo."

Yangeyange akapanda mgongoni, akamnong'oneza sikioni. Nyati akafumba macho. "Sana," akasema.

"Nimemaliza, Mheshimiwa," akasema Yangeyange, akashuka, akameza panzi.

Korongo akamgeukia Sange. "Mlalamikaji, una la kumwuliza mshtakiwa?"

 Wote walijua atakalosema. Atasema Nyati ni mwongo. Kwale alisema Kiboko ni mwongo, na mjane wa Digidigi alisema Chui ni mwongo. Ukimwita mkubwa mwongo, Korongo husema hana ushahidi, na kesi inakwisha.

Sange akainama kwa adabu. "Mheshimiwa Hakimu, sina ubishi. Bwana Nyati amesema kweli tupu. Mimi natisha."

Zogo likazuka. Mkunde akajifunika uso kwa mkia. Yangeyange akaruka kwa furaha. "Amekiri! Mheshimiwa, mlalamikaji mwenyewe amekiri!"

"Nimekiri," akasema Sange. "Ninayo maswali machache tu, mahakama ipate kujua natisha kiasi gani. Bwana Nyati, uliniogopa siku ile tu, au huniogopa siku zote?"

"Siku ile tu!" akasema Nyati upesi.

"Ala. Siku ile nilikuwa na pua nyingine?"

"Hapana. Hiyo hiyo."

"Na mguu mwingine?"

"Huo huo."

"Basi siku ile palikuwa na nini kisichokuwapo siku nyingine?"

Nyati akamtazama Yangeyange. Yangeyange akatazama juu, akahesabu mawingu, na mawingu hayakuwako. Korongo naye akaliona swali, akauliza: "Naam, mshtakiwa. Kama siku nyingine humwogopi, na yeye ni yule yule, kwa nini siku ile umwogope? Au hukumwogopa?"

"Nilimwogopa! Humwogopa siku zote."

"Hata leo?" akauliza Sange.

Nyati akajibu: "Hata leo."

"Nikiwa mbali kiasi gani?"

"Hatua... hatua tano."

"Tano tu? Nilipokuwa pale dimbwini na wewe ukaja, tulikuwa hatua ngapi?"

Nyati akakumbuka kwamba aliposikia mguu wa Sange alikuwa bado njiani. "Ishirini," akasema.

"Ishirini. Na nikipiga mguu hivi?" Sange akapiga juu ya jiwe: ti-ti-ti-ti!

Yangeyange akamng'oa Nyati unywele mmoja wa mkia, ishara kwamba hapo ndipo penye kesi. Nyati akajua wajibu wake, akaruka nyuma kwa nguvu, akavunja benchi la wazee wa baraza. Wazee watatu wakaanguka.

"Huo mguu ndio unaonimaliza kabisa!" akanguruma. "Nikiusikia, damu inaganda!"

"Pole sana," akasema Sange. "Na mke wangu? Ana pua kama yangu. Anao mguu kama wangu."

"Mke wako pia."

"Na watoto?"

Nyati alikwisha kuzoea. Kusema ni kazi mara ya kwanza tu. "Na watoto! Na shangazi zako! Ukoo mzima wa Sange naogopa! Niandikieni hivyo, niende zangu kunywa maji."

Sajini Nguchiro akaandika hivyo.

Korongo akabadili mguu. Watu wote wakavuta pumzi.

"Hukumu," akasema. "Mahakama imeona kwamba Nyati anamwogopa Sange, mke wa Sange, watoto wa Sange, na shangazi zake ambao idadi yao haikutajwa. Anawaogopa siku zote, kwa umbali wa hatua ishirini. Akisikia mguu, damu yake huganda. Haya ameyaapa, na mlalamikaji hakuyapinga. Kwa hiyo alimpiga kwa hofu ya kweli. Hana kosa. Nyati ameshinda. Sange ameshindwa."

Wakubwa wakapiga makofi. Yangeyange akapanda kwenye pembe na kutoa hotuba. Mkunde akamchukua mumewe, wakaondoka polepole kwa sababu ya ule mguu wa ganda la mti.

"Umeshindwa," akasema Mkunde.

"Nimeshindwa."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki. Pua imepinda. Ndivyo inavyokaa siku hizi. Waamshe watoto mapema kesho, mke wangu, tunakwenda kunywa."

Asubuhi Nyati akaja Kitopeni kuoga maji ya ushindi. Tifu! tifu! tifu! Akawakuta Sange na Mkunde na watoto wao wawili wametumbukiza pua nne dimbwini.

"Tokeni!" akasema Nyati, akainua mguu.

"Mheshimiwa Nyati!" ikaita sauti kutoka kwenye nyasi. Alikuwa Sajini Nguchiro, amekuja kumletea kila mmoja nakala yake ya hukumu, kama ilivyo kawaida. "Samahani, mheshimiwa. Hapo ulipo ni hatua ngapi?"

"Kwani nini?"

"Nahesabu nne." Nguchiro akafunua karatasi. "Hapa pameandikwa ishirini. Yaani humwogopi?"

Nyati akashusha mguu. Akakumbuka kiapo. Hakuna maji ya dimbwi, hakuna maji ya mto, mpaka masika ya mwaka wa pili.

"Namwogopa," akasema.

"Mbona hutetemeki?"

"Natetemeka."

"Wapi?"

"Ndani."

"Ndani sioni, mheshimiwa. Mimi naandika ninachokiona."

Nyati akatetemeka nje. Akatetemesha masikio, akatetemesha magoti, akatetemesha mkia. Sange akamwonea huruma, akainua mguu wake wa nyuma.

Ti-ti-ti-ti!

Nyati akageuka, akakimbia. Puru-puru-puru-puru! Akapita kwenye kichuguu, akapita kwenye kichaka cha miiba, vumbi likapanda mpaka mbinguni. Sajini Nguchiro akaandika: *Amekimbia. Sawa na hukumu.*

Siku ya pili Nyati akaja saa sita mchana, kwa upande wa magharibi. Akamkuta Mkunde anaosha ukili wa kushonea mkeka. Mkunde hata hakuinua kichwa. Ti-ti-ti-ti! Puru-puru-puru-puru!

Siku ya tatu akaja alasiri, kwa kunyata, na kwato amezifunga majani. Hakumwona Sange. Hakumwona Mkunde. Akainama anywe. Kumbe kandoni alikuwako mtoto mdogo wa Sange, amelala usingizi. Akaota, akajinyoosha, mguu wake ukagusa jani moja: ti!

Nyati akasimama. "Hiyo ni moja tu," akajiambia. "Hukumu inasema mguu. Haikusema mara ngapi." Akatazama nyasi. Katika nyasi palikuwa na macho mawili ya Nguchiro, na kalamu.

Puru-puru-puru-puru!

Ikawa hivyo. Kila siku Nyati alikwenda Luhindi, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Huko alikunywa kwa haraka, jicho moja kwa mamba. Alipofika nyumbani alikuwa na kiu kuliko alipoondoka. Akakonda, mbavu zikahesabika. Barabarani hakuna panzi, na Yangeyange naye akakonda, kanzu ikawa rangi ya vumbi.

"Kata rufani," akasema Nyati.

"Bwana Mkubwa, mtu hakati rufani kwa kesi aliyoshinda."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Akaenda. Akamkuta Korongo amesimama kwa mguu mmoja kivulini.

"Mheshimiwa Hakimu, nimekuja kusema neno moja. Mimi Sange simwogopi."

Korongo akafungua jicho. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Zamani gani? Kabla ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, au baada yake? Fikiri kwanza. Kama ni kabla, ulimpiga bila kumwogopa, na kiapo chako kilikuwa uongo."

Nyati akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Baada," akasema.

"Siku gani?"

"Leo."

"Leo umeonana naye?"

"Hapana. Nimepita kwa mbali."

"Sasa hofu imekutokaje?"

"Kiu imeitoa, Mheshimiwa."

Korongo akawaza. "Kiu si dawa inayojulikana na mahakama hii. Sajini! Mwite Sange. Tutampima mshtakiwa hapa hapa."

Sange akaja, mnene kidogo, pua imepinda kulia, mke na watoto wakimfuata. Safari hii Nguchiro alikuwa na mawe mawili tayari. Sange akapanda. Wanyama wakajaa uwanjani, wakubwa upande huu, wadogo upande ule, na wadogo siku hiyo walikuwa na ndevu safi.

"Nyati," akasema Korongo, "huyu hapa, hatua tatu. Simama hapo ulipo, mtazame, na usikimbie. Ukiweza, nitaandika kwamba hofu imekwisha leo, na Kitopeni utakunywa."

Nyati akapanua miguu. Akainamisha pembe. Akakaza macho. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: kusimama tu mbele ya kitu kinachoenea katika ukwato.

Sange akamtazama.  Polepole akainua mguu wake wa nyuma, akauweka hewani.

 Nyati akautazama mguu. Akaona vumbi la Luhindi ndani ya mguu ule. Akaona mamba. Akaona kalamu ya Nguchiro, na mwana mchanga anayeota, na jani moja kavu. Kope zake zikaanza. Kisha masikio. Kisha magoti, na hakuna aliyemwambia ayatetemeshe.

Mguu haukupigwa. Sange aliushusha taratibu, kwa heshima ya mahakama, akaukunja chini yake. Lakini alipoushusha, Nyati hakuwapo tena uwanjani. Lilikuwapo vumbi, na kwa mbali sana, upande wa Luhindi: puru-puru-puru-puru!

Korongo akabadili mguu. "Andika, Sajini. Mahakama imeridhika kwamba siku ile alisema kweli."

Mpaka hapo nimefika, nami sisogei. Aliyeisikia ameipata, aliyesinzia amwulize jirani yake, na jirani asiongeze chumvi.

Sasa funzo, maana hadithi bila funzo wazazi wenu watauliza mmejifunza nini. Sikilizeni vizuri. Mdogo asimshtaki mkubwa, hatashinda. Kama mnabisha, tazameni maandishi ya mahakama. Nyati alikuwa na kesi moja, akashinda. Sange alikuwa na kesi moja, akashindwa. Basi jitahidini, wanangu, muwe washindi kama Nyati, na msikubali hata siku moja kuwa kama yule Sange, aliyeshindwa kesi mbele ya watu wote, akabaki hana kitu ila maji.